Anzia Sura ya 28



Yeremia 29:11 haihitaji kutambulishwa kwa Mkristo yeyote wa Dar es Salaam, Nairobi au Goma. Imeandikwa nyuma ya daladala kwa rangi nyekundu. Ipo kwenye kalenda ya kanisa iliyogongomewa ukutani jikoni, kwenye kadi za harusi, kwenye vitenge vya kwaya, kwenye makundi ya WhatsApp kila tarehe mosi ya mwezi. Mtoto akifaulu mtihani wa darasa la saba anatumiwa aya hiyo. Akifeli anafarijiwa kwa hiyo hiyo. Siipigi vita. Ni Neno la Mungu, na ahadi yake ya amani na tumaini imewashika wengi siku ambayo hawakuwa na pengine pa kushika.

Nakuuliza tu: ni nani aliyeipeleka?

Maana ile ni barua. Ina aliyeiandika, ina waliotumwa kuipeleka, ina walioipokea, na siku ilipofika wenye nayo walikuwa katikati ya ugomvi mkubwa. Kama hayo huyajui, basi umekuwa ukisoma mstari mmoja wa katikati katika barua ya watu wengine, na mstari huo umeutundika ukutani. Barua ya benki huisomi hivyo. Ya benki unaisoma toka juu hadi yale maandishi madogo ya chini, umevaa na miwani, kisha unampa mwanao aliyesoma aihakiki. Ya Mungu tunaidonoa!

Chukua Biblia. Kama unayo ya karatasi chukua hiyo, kwa sababu nataka uone kurasa mbili kwa pamoja. Wala usifungue sura ya 29. Anzia sura ya 28.

Hapo tuko Yerusalemu. Miaka michache nyuma, mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza mfalme wa Babeli alimchukua mateka mfalme kijana Yekonia, na mama yake, na wakuu, na mafundi, na wahunzi, akabeba na vyombo vya hekalu. Waliobaki mjini wanahesabu siku. Basi mwezi wa tano, ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anasimama nabii aitwaye Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, na ujumbe mtamu: miaka miwili! Kabla miaka miwili haijatimia, vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi, nira ya Babeli itakuwa imevunjika. Na hakusema hayo kwa jina la Baali. Aliyasema kwa jina la Bwana wa majeshi, kwa utangulizi ule ule anaoutumia Yeremia.

Yeremia yupo pale pale, shingoni ana nira ya mti ambayo Mungu alimwamuru aivae. Tazama anachofanya. Anasema amina. Anasema laiti Bwana angefanya hivyo! Mtu huyu hakuwa akifurahia kutabiri mabaya. Naye alitamani ndugu zake warudi. Anaongeza neno moja tu, kwamba nabii wa amani hujulikana pale neno lake linapotimia. Hanania anaishika ile nira, anaitoa shingoni mwa mwenzake, anaivunja watu wote wakiona. Piga picha ya vigelegele vya siku hiyo. Na Yeremia? Anaenda zake. Hana la kujibu. Nabii wa kweli anatoka hekaluni bila jibu, na nabii wa uongo anabaki na mkutano.

Jibu lilimjia baadaye: umevunja nira ya mti, mahali pake itakuja ya chuma, nawe Hanania utakufa mwaka huu. Akafa mwezi wa saba. Aliyetangaza miaka miwili hakumaliza hata miezi mitatu.

Sasa geuza ukurasa. Barua imebebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia waliokuwa wakienda Babeli. Inawaambia nini mateka? Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozeni, zaeni. Uombeeni huo mji mlimopelekwa, mji wa adui, maana ukiwa na amani nanyi mtakuwa na amani. Msidanganywe na manabii walio kati yenu. Na aya ya 10, iliyopakana kabisa na ile yako ya kwenye kalenda, inataja muda: miaka sabini.

Sabini, mpendwa! Mtu aliyeipokea barua ile akiwa na miaka thelathini alikuwa anaarifiwa kwamba atazikwa Babeli. Mawazo mema ya Mungu yalimhusu kweli kweli, ila kurudi nyumbani kungewafikia wajukuu. Fungu lake yeye lilikuwa kuchimba msingi, kupanda miti na kumwombea jirani Mkaldayo.

Nani kati yetu anaielewa barua hiyo? Nenda Nyarugusu, kule Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Wapo waliozaliwa humo ambao leo wana watoto humo humo. Wasomee sura nzima, toka jengeni nyumba hadi miaka sabini, uone watakavyonyamaza. Hao hawahitaji mhubiri wa kuwapa miaka miwili. Wameshapewa miaka miwili mara nyingi mno.

Sisi wa mjini ndio tuna kiu ya Hanania. Kila tarehe 31 Desemba, kwenye mkesha, tunampa kipaza sauti. Mwaka wa kuvuka! Mwaka wa milango kufunguka! Bango linachapishwa, fulana zinachapishwa, na ikifika Novemba milango haijafunguka hakuna anayemuuliza kitu, maana bango la mwaka unaofuata liko tayari kwa mchapaji. Sura hiyo hiyo ya 29, kwa taarifa yako, inawataja kwa majina manabii wawili wa Babeli, Ahabu na Sedekia (si yule mfalme), waliosema uongo kwa jina la Mungu na kuzini na wake za jirani zao. Hilo nalo ni Yeremia 29. Sijawahi kuliona kwenye kitenge.

Wapendwa, ninalotaka kuliingiza ndani yenu ni hili moja, nanyi mkilisahau lingine lolote sitalalamika: aya iliyotolewa nyumbani kwake yaweza kusemeshwa chochote. Shetani mwenyewe alipompeleka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu hakuja na kitabu cha uchawi, alikuja na Zaburi ya 91. Alinukuu. Na Yesu hakuitupa Zaburi. Alimjibu kwa andiko lingine, kutoka Kumbukumbu la Torati, na majibu yake yote matatu siku hiyo yametoka katika sura mbili zilizo karibu, ya 6 na ya 8. Alikuwa anazijua kwa mapana yake.

Mnadhani ni mchezo wa wasomi? Twendeni Kilifi.

Mwezi Aprili 2023 msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi, ulianza kuchimbwa. Zilitolewa maiti zaidi ya 400, na watoto walikuwa wengi mno. Walionusurika walieleza kwamba walikuwa wamefundishwa wafunge chakula mpaka wafe, ili wamlaki Yesu. Kesi ziko mahakamani, na hukumu ni ya mahakama. Mimi nawalilia waliofukuliwa, maana walikuwa watu wa Biblia. Wengi waliuza mali, wakaacha kazi, wakaingia porini wakiwa na hakika kwamba wanatii maandiko. Na kufunga kumo katika maandiko! Musa alifunga, Danieli alifunga, Bwana alifunga. Aya zipo.

Lakini kitabu kizima kingewaambia nini, laiti mtu mmoja angewafungulia? Kingewapeleka kwa Elia, chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumpa somo la ushujaa. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwambia ale. Elia akala, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili: ale tena. Kingewapeleka nyumbani kwa Yairo, kwenye chumba ambamo binti wa miaka kumi na miwili ametoka kufufuliwa, watu wamepigwa na bumbuazi, na Bwana wa uzima anaagiza jambo moja la jikoni: apewe chakula. Kingewapandisha merikebu pamoja na Paulo, siku ya kumi na nne ya tufani, watu 276 wasioonja kitu. Naye mfungwa anawasihi wale, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Kingewafungulia Isaya 58, ambako Mungu anasema saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Mwenye njaa! Mama mmoja tu katika umati ule angekuwa anaijua habari ya Yairo kwa moyo, na akaamua kuiamini kuliko sauti ya kipaza, angemshika mwanawe mkono wakatoka porini. Ndiyo maana siwezi kuongea taratibu leo.

Utaniambia: lakini mchungaji haulizwi. Imeandikwa tusiwaguse masihi wa Bwana.

Imeandikwa wapi? Nionyeshe. Zaburi ya 105, na tena katika Mambo ya Nyakati ya Kwanza. Haya, panda juu aya sita. Hao masihi ni akina nani? Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati wakiwa watu wachache, wageni katika nchi, wakihamahama toka taifa hadi taifa bila kipande cha ardhi. Na waliokemewa wasiwaguse ni wafalme. Kumbe ni aya ya kuwalinda wasio na kitu dhidi ya wenye nguvu! Leo inamlinda mwenye walinzi sita na gari lenye vioo vyeusi dhidi ya mjane aliyetaka kujua sadaka ya ujenzi imekwenda wapi. Tumeigeuza kichwa chini.

Na hata Ibrahimu aliulizwa. Soma Mwanzo 20. Alidanganya kuhusu Sara, na Abimeleki mfalme wa Gerari akamwita, akamhoji uso kwa uso: umetutenda nini? Mungu hakumpiga Abimeleki kwa swali hilo. Natani alimwendea Daudi. Paulo alimpinga Petro waziwazi kule Antiokia. Daudi naye, ambaye kweli alikataa kumnyoshea mkono Sauli kwa kuwa ni masihi wa Bwana, alitoka pangoni akamwita kwa sauti kuu na kumwonyesha kipande cha vazi alichokata, akamweleza dhuluma yake jeshi zima likisikia. Kutomgusa kulikuwa kutomuua. Kumuuliza alimuuliza.

Kuna wengine waliojua nguvu ya Biblia nzima kuliko sisi tunavyoijua, nao ni wale walioikata kwa ajili ya watumwa. Mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa, ilichapishwa London Biblia ya pekee kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Waingereza. Jina lake lenyewe lilitangaza wazi kwamba ni sehemu tu za Biblia. Yusufu aliachwa: kijana aliyeuzwa, akatumika kwa uaminifu, akabarikiwa. Agizo kwa watumwa wawatii mabwana, lile la Waefeso, liliachwa. Lakini safari ya Israeli kutoka Misri? Iliondolewa. Farao, mapigo, bahari kugawanyika, Miriamu na matari, vyote viliondolewa. Wagalatia 3:28, ambapo katika Kristo hakuna mtumwa wala huru, hapakuonekana. Yeremia 22:13 ilikatwa. Watu wale hawakuongeza neno lao hata moja. Walichagua tu. Kila kilichobaki kilikuwa andiko halali, na kitabu kizima kilikuwa uongo.

Hapa nakaa kidogo, maana bado kuna wazee wa kanisa wenye heshima zao wanaoamini kwamba Mwafrika alilaaniwa kupitia Hamu. Nimeisikia hata kwenye mazungumzo ya msibani, ikisemwa kwa huzuni kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Jamani, fungueni Mwanzo 9 muisome kwa vidole! Nuhu amelewa, ameamka, analaani. Mungu katika habari hiyo hasemi neno. Na anayelaaniwa ni Kanaani. Hamu hakulaaniwa. Sura ya 10 inawataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi, nchi ya kusini mwa Misri, haina laana yoyote. Bali kutoka Kushi alitoka yule towashi wa Matendo 8, waziri wa hazina, aliyebatizwa kando ya barabara ya jangwani kabla Injili haijatia mguu Ulaya. Karne nyingi watu wetu wamebebeshwa laana ambayo kwenye ukurasa haipo, na iliwezekana kwa kuwa aliyeisoma alikuwa mmoja na waliosikiliza hawakufungua.

Huyo towashi ndiye ninayetaka mfanane naye. Amepanda gari, ana chuo cha nabii Isaya, anasoma kwa sauti. Filipo anamkimbilia na kumuuliza kama anaelewa. Yule mtu mkubwa, mwenye funguo za hazina ya malkia, hakujitutumua. Akakiri kwamba pasipo mtu wa kumwongoza hawezi, akamkaribisha apande aketi naye. Kisha akauliza swali ambalo ningetamani liandikwe juu ya mlango wa kila kanisa: nabii anasema habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine?

Angalieni hakuuliza aya ile inamletea nini yeye wiki hii. Aliuliza kwanza inamhusu nani. Hilo la pili lilikuja lenyewe, maji yalipoonekana.

Najua wapo wanaokunja uso nikifika hapa. Ndugu, wananiambia, wewe unataka tusome kwa akili, sisi tunasoma kwa Roho; andiko huua. Amina, Roho ndiye mwalimu. Ila huyo Roho, katika habari hiyo hiyo, hakumtupia towashi tafsiri kutoka mbinguni. Alimtuma Filipo, mtu mwenye miguu, akimbie barabarani. Na Paulo, aliyepanda hata mbingu ya tatu, alipokuwa gerezani na baridi inakaribia alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume aliyejaa Roho, kifo kiko mlangoni, anaagiza vitabu. Wewe unajivunia kutosoma?

Basi tusomeje? Sitakupa mfumo. Wafilipi ni sura nne. Keti uisome kwa mkao mmoja kama barua, chai yako haitapoa sana. Utakapofika pale Paulo anaposema anayaweza yote, utakuwa umeshapita kwenye minyororo yake, na aya moja tu kabla utakuwa umesikia kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa. Hutaweza tena kuibandika kwenye tangazo la biashara. Kisha zile ramani za nyuma ya Biblia hazikuwekwa kwa urembo. Tafuta Babeli iko wapi, uone mateka walitembezwa umbali gani. Itifaki ya Biblia na kamusi ya Biblia zinapatikana kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo. Jumuiya ikichanga, kumi wanatumia nakala moja. Weka Union Version ya mwaka 1952 na Habari Njema kando kwa kando, na zikitofautiana usiogope: simama hapo hapo uulize.

Na msisome peke yenu tu. Siku ya Nehemia 8, Ezra alisoma torati toka alfajiri hata adhuhuri, mbele ya lango la maji, wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu wakisikiliza, huku Walawi wakiwafafanulia watu mahali pao waliposimama. Bibi yako asiyejua kusoma ana masikio. Msomee, halafu umsikilize, hasa mkifika kwa Ruthu au kwa mjane wa Sarepta. Kazi ya kuyatia maandiko katika lugha hii yetu ilianza Mombasa mwaka 1844, mmisionari Krapf akianza na Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Mwislamu. Wale wawili waliketi juu ya ukurasa mmoja wakaulizana. Sisi wa kanisa moja tunashindwa?

Neno kwenu wachungaji, nami nalisema kwa heshima. Wayahudi wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha kila siku wakayachunguza maandiko kama ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo. Muumini anayekuja ofisini baada ya ibada, kidole kikiwa katikati ya kurasa, anauliza mbona aya inayofuata inasema vingine, huyo ndiye muungwana wako. Mpe kiti. Usimwambie ana roho ya uasi. Na hubiri lako la Jumapili lisitoke kwenye kipande cha video cha dakika mbili ulichotumiwa Jumamosi usiku. Mmeitwa kuwa watumishi wa Neno. Neno lenyewe ni refu, lina Walawi na Hagai na ile nasaba ndefu, na kondoo wakilishwa aya saba zile zile mwaka mzima watakonda wakiwa wanashangilia.

Ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani kusoma sawasawa kunatosha. Mamajusi walipofika Yerusalemu, Herode aliwaita wakuu wa makuhani na waandishi awaulize Kristo azaliwa wapi. Walijibu papo hapo, kwa andiko sahihi la Mika, kwa tafsiri sahihi: Bethlehemu. Kutoka pale ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Wageni wa mashariki wakaenda. Waandishi, kwa jinsi Mathayo anavyosimulia, hawakunyanyuka.

Kwa hiyo rudini nami kwa Yeremia, pale ambapo wale wa Biblia ya mwaka 1807 walikata. Sura ya 22. Mfalme Yehoyakimu anajenga. Anataka vyumba vipana vya orofani, madirisha makubwa, mbao za mwerezi, rangi nyekundu. Na wanaojenga hawalipwi. Nabii anamlilia ole, kisha anamuuliza kama anadhani ufalme ni kushindana kwa mierezi. Anamkumbusha baba yake Yosia, aliyekula na kunywa kama watu, lakini akawaamua maskini na wahitaji kwa haki. Na Mungu anamalizia kwa swali linalonikosesha usingizi: je, huko siko kunijua mimi?

Kumjua Mungu, kumbe, kumeandikwa kwenye daftari la mishahara. Wewe unayehudhuria somo la Biblia kila Jumatano, dada anayebaki na watoto wako ili upate kuhudhuria analipwa lini? Fundi aliyekupigia plasta ya sebule unamzungusha mwezi wa ngapi? Usiniambie biashara ngumu. Yehoyakimu naye alikuwa na kodi ya kulipa Misri. Kamlipe leo, yote, bila kumkata sahani iliyovunjika. Ukishamlipa, mwambie akae kitini, mfungue pamoja sura ya 22, na umwombe yeye ndiye akueleze inasema nini.